Kabla Hujamlaumu Chuma Ulete: Namna ya Kuujua Ukweli wa Duka Lako na Kuukubali

Duka linauza kutwa nzima, wateja hawakatiki, lakini ikifika siku ya kwenda kuchukua mzigo pesa haipo. Mlango haukuvunjwa, usiku hakuna aliyeingia. Mitaani kwetu jibu huwa tayari: chuma ulete, uchawi wa kuvuta pesa za mtu. Kuna mteja alileta noti yake, ikaingia kwenye droo na kuondoka na wenzake. Chumvi inanyunyizwa mlangoni, limau linawekwa kwenye droo, na mtu fulani anaanza kuangaliwa vibaya kila akija kununua. Mara nyingi mtu huyo ni bibi wa jirani ambaye hana hata wa kumtetea.

Mwongozo huu ni wa mwenye duka la rejareja, genge au mgahawa mdogo ambaye yuko tayari kufanya hesabu kabla ya kumtafuta mchawi. Siombi uache dua zako. Ninachojua, baada ya kukaa na wenye maduka wengi wakipiga hesabu zao, ni kwamba fikra ya mtu haigeuzwi na semina wala maneno makali. Hugeuka anapoiona namba aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, akakosa pa kuipeleka. Kwa hiyo usisubiri ubadilike ndipo uanze kuhesabu. Anza kuhesabu. Utahitaji kaunta buku moja, kalamu, na mwezi mmoja wa uvumilivu.

Hatua ya kwanza: andika unachoamini leo

Kabla hujagusa bidhaa yoyote, fungua ukurasa wa kwanza, weka tarehe, ujibu maswali matatu. Duka langu linapata faida kiasi gani kwa mwezi? Pesa inapotea wapi? Nani au nini ndiyo sababu? Jibu kwa namba pale panapotaka namba. "Faida ipo ipo" si jibu. Andika 200,000 au 600,000, hata kama unakisia. Kama unaamini ni chuma ulete, andika hivyo hivyo. Kama unamshuku mpwa wako anayekushikia duka mchana, andika jina lake, kisha ukurasa huo ufunge na usimwonyeshe mtu.

Usiiruke hatua hii. Hesabu zikishatoka, kichwa kitakuambia kilikuwa kinajua tangu mwanzo. Ukurasa huu ndio utakaokuonyesha umbali kati ya ulichoamini na kilichopo.

Hatua ya pili: hesabu mzigo wote, duka likiwa limefungwa

Chagua siku ambayo wateja ni wachache, ufunge mapema. Uwe na mtu mmoja wa kukusaidia, yeye ahesabu na wewe uandike. Anzia kona moja ya juu ya shubaka, mshuke rafu kwa rafu, mmalizie na vilivyoko sakafuni: viroba, madumu, makreti, mitungi ya gesi. Kila bidhaa iandikwe jina, idadi na bei uliyonunulia. Bei ya kuuzia iache kabisa. Chupa ya mafuta ambayo haijauzwa haina faida yoyote ndani yake, na ukiiandika kwa bei ya kuuzia umeshajidanganya kabla hujamaliza rafu ya kwanza.

Kwa bidhaa za kupima, pima. Mfuko wa sukari uliofunguliwa uweke kwenye mizani, usikisie kwa macho. Dumu la mafuta ya kupima nalo lipime kwa kipimo chako cha lita.

Halafu mtafika kwenye ile rafu. Karibu kila duka linayo. Nimeisimamia hesabu ya dada mmoja ambaye mambo yalikwenda vizuri hadi tulipofika nyuma ya sabuni. Hapo palikuwa na makopo ya maziwa ya unga yenye vumbi, mishumaa iliyopinda kwa joto, na katoni ya juisi aliyoichukua kwa bei ya kutupa. Akasema, "Hizo ziruke tu, tuendelee na mchele." Nikamwambia, "Dada, hizo ndizo za kuandika." Alipogeuza kopo la kwanza na kusoma tarehe, lilikuwa limeshapitwa na miezi. Akageuza la pili, na la tatu. Kila kopo liliandikwa kwa thamani ya sifuri, na mkono wake ulikuwa mzito kwenye zile sifuri kuliko kwenye hesabu nyingine yoyote ya siku ile.

Fanya hivyo hivyo. Kilichoisha muda wake kiandike sifuri na ukiondoe dukani, kwa sababu hakifai kuuzwa. Kilicho kizima lakini kimelala zaidi ya miezi mitatu kiandike kwenye ukurasa wake. Hapo ndipo mtaji wa watu wengi umelala, na wenyewe hawautafuti huko kwa sababu kila siku wanauona.

Hatua ya tatu: pesa na madeni, pande zote mbili

Hesabu pesa ya kwenye droo, ya kwenye simu, na ile iliyofichwa nyumbani kama ni ya duka. Kisha fungua daftari la wakopaji. Kila jina lipe alama moja kati ya tatu: atalipa, labda, amekufa. Neno la tatu ni la deni, si la mtu. Aliyehama mtaa tangu mwaka jana bila kuaga deni lake limekufa, hata kama unamdai 40,000 na hata kama inauma. Kwenye jumla yako ingiza wa alama ya kwanza tu.

Upande wa pili andika unachodaiwa. Mali kauli, yaani mzigo uliochukua kwa muuzaji wa jumla ili ulipe baadaye, kodi ya pango iliyolala, mkopo wa kikundi, mkopo wa mtu binafsi. Huu ni upande ambao wengi huuandika nusu. Kama kuna mkopo ambao mwenzi wako haujui, uandike pia. Daftari hili ni lako.

Sasa toa. Mzigo, pesa na madeni yatakayolipika jumlisha pamoja; ondoa yote unayodaiwa. Kinachobaki ndicho mtaji wako halisi. Wapo watakaogundua hapa kuwa duka linaloonekana la milioni tatu, mali yao wenyewe ndani yake haifiki milioni moja. Ikiwa ni wewe, usifanye uamuzi wowote usiku huo. Lala, kesho fungua duka kama kawaida.

Hatua ya nne: mwezi mmoja wa kuandika kila kinachotoka

Mauzo wengi wanayaandika. Tatizo liko kwenye kinachotoka. Chora safu nne: kilichonunuliwa kwa ajili ya duka, gharama za duka, kilichokwenda nyumbani, na waliokopa.

Gharama za duka ni pango, umeme, bodaboda wa kuleta mzigo, mifuko, ushuru, posho ya anayekusaidia, riba. Safu ya nyumbani ndiyo yenye kazi. Hela ya mboga ya asubuhi iliyochotwa kwenye droo iandikwe. Mtoto akichukua soda na biskuti akienda shule, iandikwe. Sukari nusu kilo ya chai ya nyumbani, vocha uliyojiwekea, mchango wa harusi, nauli ya mgeni, vyote viandikwe kwa bei ya kununulia, siku hiyo hiyo, kabla hujafunga.

Usijibane mwezi huu. Ukijibana kwa sababu unajiandika, utapata picha ya mtu mwingine. Kula kama unavyokula siku zote, ila andika.

Utaona kuwa kuna mambo unayasahau na mengine huyasahau. Siku ya mauzo makubwa utaikumbuka wiki nzima. Elfu tano iliyokwenda nyumbani saa nne asubuhi imeshatoka kichwani ifikapo saa saba. Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, katika maelezo ya maisha yake aliyoyaandika mwaka 1876, alisema kwa miaka mingi alifuata kanuni moja: kila alipokutana na jambo linalopingana na hitimisho lake aliliandika papo hapo, kwa sababu alishaona kuwa mambo ya namna hiyo humtoka kichwani upesi kuliko yale yanayomuunga mkono. Kama mtu aliyeishi kwa kazi ya kuchunguza hakukiamini kichwa chake kwenye hilo, nasi wenye droo tuandike.

Na ikiwa kwenye ukurasa wa kwanza uliandika jina la mtu, mwezi huu chagua bidhaa moja tu ya kuichunga. Soda ni rahisi kwa sababu kreti moja ina chupa 24. Asubuhi hesabu, jioni hesabu, linganisha na mauzo. Kama ziliuzwa 15 lazima zibaki 9. Hesabu ikilingana hivyo kila siku kwa wiki mbili, mpwa wako ana haki ya kutoshukiwa tena, na una deni la kumtendea vizuri. Zikipungua, una jambo la kuuliza kwa utulivu, lenye tarehe na idadi. Nimeona undugu ukivunjika kwa tuhuma ambayo hesabu ya dakika tano ingeimaliza.

Hatua ya tano: hesabu tena na ulinganishe

Mwezi ukitimia, rudia hatua ya pili na ya tatu kwa njia ileile. Nitatoa mfano wa namba ili uone zinavyosema.

Tuseme mwanzo wa mwezi ulikuwa na mzigo wa 2,400,000, pesa 350,000 na madeni ya kulipika 180,000. Jumla ni 2,930,000. Ulikuwa unadaiwa mali kauli 430,000 na mkopo wa 500,000, yaani 930,000. Mtaji wako halisi ulikuwa 2,000,000.

Mwisho wa mwezi mzigo ni 2,250,000, pesa 280,000, madeni ya kulipika 260,000. Jumla 2,790,000. Unadaiwa mali kauli 390,000 na mkopo uleule wa 500,000, yaani 890,000. Mtaji halisi ni 1,900,000.

Mtaji umepungua kwa 100,000, na mtu aliyeishia hapa anarudi kwenye chuma ulete. Sasa angalia safu ya nyumbani: zimekwenda 420,000. Kwa hiyo, ukitoa ile 100,000 iliyopungua kwenye 420,000, duka lilizalisha faida ya 320,000 baada ya gharama zote. Kisha angalia safu ya gharama, kwenye mstari wa riba. Mkopo wa 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi umekula 100,000, na wewe umelipa riba tu bila kugusa deni lenyewe. Bila mkopo huo duka lingezalisha 420,000, sawasawa na mahitaji ya nyumbani, na mtaji usingepungua hata shilingi.

Duka hili si bovu. Nyumba yake haili kupita kiasi. Kinachokata mtaji ni mkopo ule ambao watu wameubatiza jina la kausha damu, na kwa miezi mitano mwenye duka atakuwa amelipa 500,000 huku bado anadaiwa 500,000. Hili halionekani kwenye droo. Linaonekana kwenye karatasi peke yake.

Duka lako linaweza kutoa jibu jingine kabisa. Chukua sukari, bidhaa ambayo kila mtu anaiuza akiamini ina faida. Tuseme mfuko wa kilo 50 umeununua 140,000 na unauza kila kilo kwa 3,000. Kwa mdomo, faida ni 10,000. Lakini unapima robo robo, mkono unazidisha kidogo kwa huruma, nyingine inamwagika, na mfuko unatoa kilo 48. Umepata 144,000. Bodaboda 2,000, mifuko 1,500. Faida ya mfuko mzima ni 500. Mteja mmoja akikopa robo na kutolipa, umeuza mfuko kwa hasara, na hakuna aliyekuroga.

Hatua ya sita: siku ya kuukubali

Fungua ukurasa wa kwanza, uuweke pembeni ya hesabu hizi, usome vyote viwili. Hapa watu huwa wanakasirika. Wengine wanasema hesabu imekosewa. Sawa, irudie mara moja, si mara tano. Wengine wanatafuta sababu ya kuwa mwezi ule haukuwa wa kawaida, kulikuwa na msiba, kulikuwa na ada za shule. Lakini kila mwezi una lake, na pesa iliyotoka kwa sababu nzuri imetoka vilevile.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliwaandikia wanachama wa TANU kijitabu kifupi, Tujisahihishe, na humo alisema kwamba ukweli haujali mkubwa wala mdogo, na kwamba ukipuuzwa una tabia ya kulipiza kisasi. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka 10 ya Azimio la Arusha, alisema waziwazi kuwa Tanzania bado haikuwa nchi ya kijamaa wala haijajitegemea. Yeye alisema mbele ya taifa zima. Wewe unatakiwa kusema mbele ya mtu mmoja.

Mtu huyo mchague vizuri. Awe mwenzi wako kama mnaelewana, au mwenzako wa kikoba anayejua kutunza siri. Asiwe mtu unayemdai wala anayekudai. Mwambie kwa sentensi zenye namba: "Nilidhani duka linanipa laki sita. Linanipa laki tatu na ishirini. Laki moja kila mwezi inakwenda kwenye riba." Ukishalitamka mbele ya mtu, ni vigumu kulirudisha gizani kesho yake.

Na kama kuna mtu uliyemshuku bure, mrudie. Si lazima umweleze yote uliyowaza. Bibi wa jirani mpokee noti yake mkononi kama unavyowapokea wengine, umsalimie shikamoo, umpe chenji yake. Naliweka hili ndani ya hatua, si pembeni, kwa sababu fikra iliyobadilika ambayo haijamfikia mtu uliyemwonea bado haijabadilika.

Hatua ya saba: badilisha jambo moja, ujue ni lipi

Mtu akishaona ukweli hutaka kubadilisha kila kitu Jumatatu. Anaacha kuwakopesha wateja wote, anapandisha bei, anagombana na nyumba, na baada ya wiki tatu amerudi alikokuwa. Chagua jambo moja lenye namba kubwa kuliko mengine, ulishughulikie kwa mwezi mzima.

Kama ni mkopo wa riba kubwa, muulize mkopeshaji kama anapokea malipo ya kupunguza deni lenyewe. Kwa riba ya asilimia 20, kila 50,000 unayopunguza inakuokolea 10,000 kila mwezi. Pesa ya kupunguzia itoke kwenye bidhaa zilizolala: ziuze kwa bei uliyonunulia, hata chini kidogo, zigeuke pesa. Uombe pia mkataba wa maandishi na uulize leseni, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe nayo. Usikope kwingine kwa riba ileile ili ulipe huku.

Kama ni wateja wanaokopa, weka kiwango kwa kila mtu na usivuke, na wenye alama ya "labda" wasiongezewe hadi wapunguze. Mwambie mteja mapema, siku ambayo haji kukopa, ili isionekane umemnyima. "Mama, kuanzia mwezi huu mwisho wetu elfu kumi, nimebanwa na mzigo." Wengi wanaelewa kuliko unavyoogopa.

Kama ni nyumba, jipangie kiasi maalumu cha wiki, ujilipe siku moja, na droo isiguswe siku nyingine. Hili linahitaji wote wa nyumbani wajue. Ukilificha, mtoto ataendelea kuchukua soda na wewe utaendelea kunung'unika.

Na kama hesabu ya miezi mitatu mfululizo inaonyesha duka halizalishi kitu hata ukiondoa riba, ukweli wake ni kwamba eneo au biashara hiyo haikufai. Acha kuagiza, uza kilichopo, lipa unachodaiwa, uondoke na mtaji uliobaki mkononi. Aliyefunga akiwa na laki nane anaweza kuanza kitu kingine. Aliyeng'ang'ania kwa aibu ya majirani hadi mzigo ukaisha anaanza akiwa na madeni, na hao majirani hawatamlipia.

Kuhusu daftari lenyewe

Likijaa, nunua jingine na lile la zamani ulitunze mahali pakavu pasipo na panya. Afisa wa TRA akija kukukadiria kodi, mfanyabiashara mdogo mwenye kumbukumbu na asiye nazo hawapigiwi hesabu kwa namna moja. Mkiwa kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu na mnaomba ile mikopo isiyo na riba, inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kumbukumbu za biashara ya kila mmoja wenu zitawasaidia kueleza mnachotaka kufanyia pesa na mtakavyoirudisha. Hesabu kamili ya mzigo irudie kila baada ya miezi mitatu, na ile ya soda au bidhaa nyingine moja uliyoichagua iendelee kila jioni. Inachukua dakika tano kabla ya kufunga.